Nikifuata Kitambaa: Kutoka Embakasi hadi Uhuru Market

Jumatatu, Agosti 11, 2025. Embakasi

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kawangware. Wateja huniuliza swali moja kila mara: inakuwaje kushonewa shati jipya Nairobi kuwe ghali kuliko kununua shati lililoshonwa Bangladesh, likavaliwa Uingereza, kisha likaletwa soko la mitumba la Gikomba? Ni swali la haki. Jibu la kwamba mitumba ndiyo iliyotuua nimelisikia redioni, mikutanoni na kwa mafundi wenzangu, na haliniridhishi, kwa sababu halielezi kwa nini hata kitambaa ninachokatia nguo mpya kinatoka ng'ambo. Shule zimefungwa na kazi ya sare ni kidogo mwezi huu. Nimemwachia mwanafunzi wangu ufunguo wa kibanda, nimeanza kuzunguka.

Naanzia Embakasi kwa sababu mizigo mingi ya nguo inayoingia jijini hupitia bohari ya makontena iliyoko hapa. Tangu Januari 2018 treni za mizigo za SGR, ile reli mpya, huyabeba makontena kutoka bandari ya Mombasa hadi Embakasi, na hapa ndipo ushuru unapolipwa na malori yakapakia. Ndani sina ruhusa ya kuingia, wala sikuiomba. Nimeketi kwenye kibanda cha chai nje ya lango, kati ya madereva na mawakala wa forodha wanaosubiri karatasi. Mazungumzo yote yalikuwa ya mpira, kwa kuwa jana Harambee Stars waliwafunga Morocco bao moja kwa bila pale Kasarani, na ilibidi bao hilo lisimuliwe likaisha ndipo nikapata nafasi ya kuuliza habari za nguo.

Wakala mmoja mzee alitoa kitabu cha ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye mkoba wake na kukifungua juu ya benchi. Bidhaa za nguo zina sura zake. Sura ya 52 ni ya pamba, kuanzia pamba mbichi hadi uzi na kitambaa. Sura ya 61 ni nguo za kitambaa cha kunyumbuka, kama fulana na sweta. Sura ya 62 ni nguo za kitambaa kilichofumwa, kama mashati na suruali. Na namba 6309 ni nguo zilizokwisha kuvaliwa.

"Tazama, binti yangu," akasema. "Shati likiwa jipya naliandika sura ya 62. Likishavaliwa hadi likaonekana limevaliwa, na likaja kwenye beli, linakuwa 6309. Ni shati lile lile, lakini hesabu ni nyingine kabisa."

Kwa nguo mpya ushuru huhesabiwa kwa thamani, na tangu Julai 2022 jumuiya imeziweka nguo zilizo tayari kwenye kiwango cha juu cha asilimia 35. Kwa mitumba, kinachotazamwa sana ni uzito. Kontena moja la futi 40 hubeba makumi ya maelfu ya nguo, na ukigawa ushuru na nauli kwa kila nguo, inayobaki juu ya shati moja ni pesa kidogo sana. Hapo tayari nusu ya swali la mteja wangu imeanza kujibika.

Nilimuuliza kuhusu safari ya baharini. Akasema mizigo ya Ulaya ilikuwa ikipita Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu. Tangu mwisho wa 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli, kampuni nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari inarefuka kwa siku nyingi, na mwenye mzigo aliyekopa benki analipa riba kwa kila siku ambayo nguo zake ziko majini. Mwishowe gharama hiyo inafika kwa mama wa Gikomba, ambaye hajawahi kuiona bahari hiyo.

Jumanne, Agosti 12. Gikomba

Saa kumi na moja alfajiri soko limeshachangamka. Baridi ya Agosti inauma na ndiyo inayouza leo: jaketi, sweta, blanketi, soksi za sufu. Mahamali wanapita na beli, yale marobota ya nguo, mgongoni wakipiga kelele watu wasogee, na usiposogea utasogezwa.

Nilisimama na mama anayeuza mashati ya kiume. Tunafahamiana kwa sababu huwa nanunua kwake mashati makubwa ya kupunguza. Alikuwa amenunua beli mpya, kilo 45, iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni na kamba ngumu za plastiki. Kabla ya kuifungua alichojua ni kilichoandikwa juu tu: ni mashati, ni daraja gani, uzito wake, na nchi iliyofungia. Hakuna kuchungulia. Ukishaikata kamba, beli ni yako, iwe nzuri iwe mbaya.

Watu walikuwa wameshamzunguka. Hao ni wateja wa kamera, wale wanaochagua vipande bora kabla ya wengine wote. Wengi wao wana maduka madogo mjini au huuza kwa simu. Kamba ilipokatwa, mashati yalifumuka na mikono ikaingia. Kwa dakika chache mama huyo alikuwa akipokea pesa, akikataa bei na kunyang'anya shati kutoka kwa mtu aliyetaka kuliondoa bila kulipa, yote kwa pamoja. Kamera ikiisha, anapanga yanayofuata kwa bei ya kati. Mchana yanashuka tena. Jioni inabaki fagia, yale ambayo mtu huokota chini kwa pesa kidogo kabisa. Mashati ya kamera ndiyo yanayorudisha pesa ya beli. Yakiwa machache, siku imeharibika hata kama meza imejaa hadi juu.

"Hii imekuja na bahati," aliniambia baadaye tukinywa uji. "Wiki iliyopita nilifungua beli nikapata mashati ya wembamba wa ajabu, vifungo vimekatwa. Ningeenda kumlalamikia nani, dada?"

Nilitumia saa nzima nikigeuza kola na kusoma lebo. Bangladesh, Vietnam, Kambodia, Uturuki, India, China. Nguo hizi zilianza safari Asia, zikauzwa mpya London au Toronto, zikatolewa kama msaada au kutupwa kwenye visanduku vya kukusanyia, zikauzwa kwa kilo, zikachambuliwa. Kazi ya kuchambua ni biashara kubwa peke yake, na sehemu nzuri yake hufanyika Poland, Pakistan na Falme za Kiarabu, ambako nguo zinazofaa majira ya baridi, zinazofaa Afrika, na zinazofaa kukatwa matambara hutenganishwa. Siku hizi beli nyingi Gikomba hazitoki Ulaya kabisa. Zinatoka China, nguo zilizovaliwa na Wachina wenyewe, na wafanyabiashara huzinunua kwa sababu bei yake iko chini, ingawa saizi zake ni ndogo na wateja bado huuliza beli ya Uingereza au Kanada kwanza. Mwaka 2019 Kenya iliingiza karibu tani 185,000 za mitumba. Ndiyo maana naona soko hili haliwezi kuelezwa kwa neno moja la kulaumu: kuna anayefungua, anayefua, anayepiga pasi, hamali, mwenye mkokoteni, mwenye uji, na safu nzima ya mafundi kama mimi wanaopunguza, kutia zipu na kugeuza shuka kuwa kaptura.

Mama wa mashati anakumbuka vizuri mwaka 2020. Mwezi wa Machi serikali ilizuia mitumba kuingia nchini kwa hofu ya korona, hadi Agosti. Mabaki ya dukani yakapanda bei, kisha yakaisha. Wanawe aliwapeleka kwa nyanya yao Murang'a. Na kabla ya hapo kulikuwa na moto, ambao Gikomba umerudi mara nyingi mno. Ule wa Juni 2018 uliua watu wasiopungua 15. Anaonyesha kwa kidole mahali kibanda chake cha zamani kilipokuwa, halafu anaendelea kukunja mashati.

Sasa hesabu yangu, kama fundi. Nilichukua shati moja la rangi ya samawati, si la kamera, la bei ya kati. Mshono mdogo na mnyoofu, kola imewekwa gundi kiwandani, vifungo viko vyote. Shati kama hili linakula kama mita mbili za kitambaa. Mita mbili za poplini ya pamba, kwa bei ya rejareja mjini, zinazidi bei ya shati zima hapa Gikomba, kabla sijaweka uzi, vifungo, umeme wala jasho langu. Kwa hivyo hata nikishona bure, siwezi kulishinda shati hili. Watu hufikiri fundi ndiye ghali. Ghali ni kitambaa, na hilo ndilo nitakalolifuata wiki hii.

Niliondoka kwa njia ya mtoni. Kingo za Mto Nairobi nyuma ya soko zimejengeka kwa matambara, safu juu ya safu, yamegandamana na matope. Nyingi ni poliesta, ambayo haiozi. Beli inapokuja na nguo zisizofaa, sisi ndio tunaolipia kuzisafirisha na sisi ndio tunaozizika. Jambo hili linaniuma, na anayefungia beli kule ng'ambo anapaswa kulibeba.

Jumatano, Agosti 13. Eastleigh

Matatu ya namba 6, tope la mvua ya usiku, na kelele za Jam Street. Hapa hakuna mitumba ya kutajika. Hapa ni nguo mpya.

Mwenye duka niliyezungumza naye alikua akiiona Garissa Lodge ikiwa bado nyumba ya kulala wageni. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi walikodi vyumba humo, wakaweka bidhaa juu ya vitanda na kuuza mlangoni, hadi jengo zima likawa maduka. Miaka ile bidhaa zilitoka Dubai. Kisha wafanyabiashara wakagundua kwamba Dubai nayo hununua China, wakaanza kwenda Guangzhou wenyewe. Madirisha ya leo yana suti na magauni ya Uturuki kwa wenye pesa, na kila kitu kingine ni cha China.

Kinachofanya Eastleigh iwe na nguvu ni kukusanya mizigo. Mtu mwenye mtaji mdogo hawezi kujaza kontena. Wakala aliyeko Guangzhou hupokea mizigo ya wengi, akaipakia pamoja, na kila mmoja akalipa kwa nafasi au kwa uzito wake. "Hata wewe mama, ukitaka magauni hamsini, yatakuja," aliniambia. Nilimuuliza kama anaweza kuniletea kitambaa kwa njia hiyo hiyo. Akasema anaweza, na wengi humuagiza, lakini gauni lililoshonwa tayari humletea faida haraka zaidi.

Nilishika magauni mengi. Karibu yote ni poliesta. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani sasa ni poliesta, inayotokana na mafuta ya petroli, na China ndiyo inayoongoza. Ushindani wa fundi wa Nairobi si na mkulima wa pamba wa nchi nyingine tena. Ni na kiwanda cha kemikali, cha uzi, cha kufuma, cha rangi na cha kushona, vyote vikiwa mkoa mmoja, karibu na bandari moja.

Alhamisi, Agosti 14. Athi River

Nilipanda 110 asubuhi na kushuka lango la EPZ, eneo la viwanda vinavyoshonea soko la ng'ambo, kabla ya Kitengela. Binti wa dada yangu hufanya kazi humo, kwenye kiwanda ambacho hakuniruhusu nikitaje, na tulikubaliana tukutane saa ya chakula cha mchana. King'ora kilipolia wanawake walitoka kwa mamia, wengi vijana, na nje ya ua walikuwa wakingojewa na wapishi wenye chapati, maharagwe na githeri kwenye ndoo.

"Mama mdogo, kula haraka, nina nusu saa," akasema.

Yeye hutia mifuko ya nyuma kwenye suruali, mifuko tu, siku nzima. Aliyeko mbele yake hushona pindo la mfuko, anayemfuata hutia lebo. Laini yao ina lengo la kila saa linaloandikwa ubaoni. Mimi ninayeshona suruali kuanzia kipimo hadi pasi nilimtazama mikono yake na kuona kasi ambayo sitaifikia kamwe. Nilimuuliza kitambaa kinatoka wapi. Akacheka kwamba hata hilo silijui: kinakuja na kontena kutoka China, na si bosi wao anayekichagua. Mnunuzi wa Marekani ndiye huamua kitambaa kitoke kiwanda gani, zipu itoke wapi, uzi wa rangi gani. Kinafika Mombasa kwa meli, kinapanda hadi Athi River, kinakatwa, kinashonwa, kinashuka tena Mombasa na kuvuka bahari nyingine. Kinachobaki kwetu katika bei ya suruali ni mshahara wa kukata, kushona na kumalizia.

Nitaeleza jinsi mambo yalivyofika hapa, kwa sababu ndio moyo wa safari yangu.

Sheria ya EPZ ni ya mwaka 1990. Mwekezaji anaingiza mashine na malighafi bila ushuru, anapata miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, na bidhaa zake sharti ziende ng'ambo kwa sehemu kubwa. Wakati huo biashara ya nguo duniani ilitawaliwa na migao. Tangu 1974 Marekani na Ulaya ziliwekea nchi za Asia kikomo cha nguo ambazo kila moja ingeweza kuuza kwao. Kiwanda cha Asia kilichomaliza mgao wa nchi yake kilitafuta nchi nyingine ya kushonea. Halafu Mei 2000 Rais Bill Clinton akatia sahihi AGOA, sheria ya Marekani ya kuzipa nchi za Afrika upendeleo wa biashara, na nguo za Kenya zikaingia Marekani bila ushuru. Faida hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Fulana ya pamba kutoka nchi isiyo na upendeleo hutozwa asilimia 16.5 ikiingia Marekani, suruali ya pamba asilimia 16.6, na fulana ya nyuzi za viwandani asilimia 32. Athi River ikajaa. Kule Ruaraka, Baba Dogo, wakaanza kushona jinzi za majina makubwa ya Marekani.

Tarehe 1 Januari 2005 migao iliondolewa duniani kote. China ikaachiwa mlango, na viwanda kadhaa vya Kenya vikafunga. Vilivyobaki vilibaki kwa nguvu ya AGOA, na hasa kwa kifungu kimoja kinachoruhusu nchi maskini kutumia kitambaa cha nchi yoyote. Kifungu hicho kimewapa watu kazi haraka, na leo viwanda hivi vimeajiri zaidi ya watu 60,000, wengi wao wanawake. Kwa niaba ya binti wa dada yangu, namshukuru aliyekiandika. Lakini kwa kuwa kitambaa cha China kilikubalika, hakuna aliyeona haja ya kujenga kiwanda cha kufuma hapa. Tena kifungu kimekuwa kikiongezwa muda vipande vipande. Kiwanda cha kushona unaweza kukifungua na kukihamisha ndani ya miezi. Kiwanda cha uzi, cha kufuma na cha rangi kinataka mtaji mkubwa na miaka mingi ya kurudisha pesa. Nani atakijenga juu ya sheria ambayo hajui kama itakuwepo?

AGOA iliongezwa mwaka 2015 kwa miaka 10. Inakwisha Septemba 30, mwezi ujao, na Bunge la Marekani halijaipigia kura. Juu ya hayo, tangu Aprili mwaka huu Rais Donald Trump ameweka ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za Kenya. Bangladesh na Vietnam wamewekewa asilimia 20 wiki iliyopita, Lesotho 15, kwa hivyo wapo wanaosema Kenya imepata nafuu. AGOA ikiisha, hata hivyo, fulana ile ya nyuzi za viwandani itabeba 32 pamoja na 10. Wanunuzi huweka oda miezi kabla, na wafanyakazi wanaona dalili mapema kuliko magazeti. "Laini ya jirani wamepewa mkataba wa mwezi mmoja mmoja," binti yetu aliniambia. Ethiopia iliondolewa AGOA Januari 2022 kwa sababu ya vita vya Tigray, na wasichana wa viwanda vya Hawassa waliopoteza kazi hawakuwa wameshika bunduki.

Kuna tukio moja linaloiunganisha Gikomba na Athi River ambalo nataka kila fundi alijue. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba polepole kufikia 2019, ili viwanda vyao vipumue. Chama cha wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao mwaka 2017, na Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizi faida za AGOA. Kenya ilirudi nyuma mapema. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na Julai 2018 nguo zake zikafutiwa upendeleo huo. Kwa hiyo ajira ya binti yetu anayeshona suruali ya Mmarekani ndiyo iliyotumika kulinda soko la suruali kuukuu za Wamarekani. Sisemi Kenya ilikosea kuzilinda kazi zile. Nasema tuliulizwa tuchague kati ya ncha mbili za biashara, na katikati, mahali pa kitambaa, hatukuwa na kitu mkononi cha kujadiliana nacho.

Mama wa mashati wa Gikomba aliniambia juzi kwamba mara moja moja hukuta kwenye beli nguo iliyoandikwa Kenya kwenye lebo. Nilimsimulia binti yetu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama mifuko ilikuwa imeshonwa vizuri, kisha king'ora kikalia na akakimbia.

Ijumaa, Agosti 15. Biashara Street

Nimechelewa kufika, na maduka mengine yalifungwa adhuhuri kwa sala, kwa hivyo leo ni mafupi.

Mwenye duka la vitambaa ninayemjua tangu ujana, Mhindi mzee sasa, aliniwekea kiti kati ya majora. Kanga zake ni za India. Zipo za China za poliesta kwa bei ya chini, ila anasema akina mama wa Pwani hawazitaki kwa sababu hazinywi jasho. Alinikumbusha kwamba kuuziwa kitambaa na dunia si jambo la jana. Miaka ya 1830 meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikileta Zanzibar merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na mwaka 1833 Sultani Sayyid Said akafunga mkataba wa biashara na Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, merikani ikapungua, na miaka iliyofuata viwanda vya Bombay vikachukua soko. Wateja hawakuulizwa wakati ule pia.

Nikamuuliza habari za majora ya Kenya. Uso wake ukabadilika. Aliwahi kuuza kitambaa cha KICOMI kutoka Kisumu, cha Rivatex kutoka Eldoret, cha Mountex kutoka Nanyuki. Katikati ya miaka ya 1980 pamba ya Kenya ilikuwa kwenye kilele chake na viwanda vya nguo vilikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa nchini. Anavyosimulia, kuanguka kulianzia shambani. Mkulima alilipwa kwa kuchelewa na bodi ya pamba akang'oa mimea. Mashine zikazeeka bila vipuri, umeme ukapanda bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikafungua soko kwa masharti ya wakopeshaji, ndipo mitumba na vitambaa vya Asia vikamiminika. Mitumba ilikuta nyumba yenye nyufa. Nilimwamini, kwa sababu yeye hakuwa na cha kupoteza kwa kusema hivyo: ananunua anapopata.

Rivatex ilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya 2019 kwa mashine zilizotokana na mkopo wa India. Mbegu za pamba za Bt, zilizobadilishwa jeni ili zistahimili wadudu, zilianza kupewa wakulima 2020. Ni hatua za kweli. Lakini kwenye rafu zake nilitafuta jora la Kenya, nikapata chache, za sare za shule.

Jumamosi, Agosti 16. Uhuru Market, Jogoo Road

Sare za shule ndizo zilizonileta hapa. Uhuru Market ni soko la mafundi wanaoshona sare, na hapa fundi hashindani na mitumba. Beli ya Uingereza haiwezi kuwa na sketi za kijani za shule ya Kayole. Mzazi hana budi kununua rangi ile ile, na kwa sababu hiyo bado kuna mnyororo ulioshikana. Nyuzi za akriliki zinasokotwa Ruiru, mashine ndogo humu sokoni zinazifuma kuwa sweta, na kitambaa cha mashati hutoka Thika mara kwa mara. Nilisikia mashine hizo kabla sijaingia mlangoni, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi popote wiki hii.

Mama mmoja wa sketi alinionyesha majora mawili ya kijani, moja la hapa nchini, moja la China. Tuliyavuta, tukayaloweka pembe, tukayasugua kwa kitambaa cheupe. La hapa lilikuwa zito zaidi na halikutoa rangi. "Nikipata hili kila wakati sitanunua lile," akasema. Tatizo ni kwamba jora la Januari na jora la Aprili haliwi kijani kimoja, na mwalimu mkuu humrudishia sketi. Tatizo la pili ni kiasi: kiwanda hakitaki kutia rangi majora matatu. Kinataka oda inayojaza pipa zima la rangi, ambayo fundi mmoja hawezi kuilipia. Mwagizaji wa mjini anakupa jora moja leo hii, tena kwa mkopo ukiwa mteja.

Nikawasimulia habari ya Eastleigh, jinsi wenye mtaji mdogo wanavyojaza kontena pamoja. Kwa nini sisi tusijaze pipa la rangi pamoja? Mzee wa sweta alisema walijaribu zamani na mtunza pesa akatoroka. Mama wa sketi akajibu kwamba siku hizi pesa zinaweza kwenda kwa kiwanda moja kwa moja kwa simu, kila mtu na risiti yake, bila kupita mfukoni mwa mtu. Walibishana hadi chai ikapoa. Rangi gani ianze? Kijani ina shule nyingi Eastlands, lakini bluu ya samawati ya mashati inavaliwa na karibu kila mtu. Mwishowe wakakubaliana na samawati, pipa moja, kitambaa kitoke kabla ya mwisho wa Novemba ili kipate kukatwa kwa ajili ya Januari.

Mimi nimejiandikisha majora mawili. Mama wa sketi atapiga simu Thika Jumatatu kuuliza kiwango cha chini cha oda na kama watatuhifadhia kipimo cha rangi kwa ajili ya oda ya pili. Mzee wa sweta bado hajaweka jina lake. Anataka kwanza kuona risiti ya mtu mwingine.